Nyamizi na Milango Miwili ya Pamba

Saa moja na nusu asubuhi, Nyamizi Salu anaketi mbele ya kompyuta kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Bariadi. Nje, mikokoteni kutoka Dutwa imeshapanga foleni.

Leo ndiyo siku ya kwanza ya kupima pamba kwa kompyuta peke yake, bila madaftari. Majaribio yasipofaulu kabla ya saa tatu, meneja atarudisha madaftari, na mkataba wa Nyamizi utaishia hapo.

Tangu kampuni binafsi ziruhusiwe kununua pamba, mkulima akikosewa anageuza mkokoteni na kwenda kiwanda cha jirani. Kwa hiyo Nyamizi, 24, ametengeneza programu inayoijaribu yenyewe hifadhidata ya wakulima, yaani orodha ya majina na magunia yao kwenye kompyuta. Hifadhidata halisi ina namba yake ya kupitia kwenye mtandao, ambayo mafundi huiita mlango. Hifadhidata ya majaribio, yenye wakulima wa kubuni, ina mlango wake.

"Ni mazizi mawili," anasema kwa sauti ya chini. "Ukikosea lango, ng'ombe wanachanganyika."

Yeye mwenyewe alikosea. Wiki iliyopita aliziwekea zote mlango mmoja, na wakulima wa kubuni aliokuwa amewapa majina yanayotumika sana kwao wakaingia kwenye orodha halisi. Karani Januarius akatangaza, "Mhoja Masunga, magunia arobaini."

Mzee wa Sapiwi mwenye jina hilo akasimama. "Karani, mimi nimeleta saba. Hayo mengine yamezaana njiani?"

Foleni ikaangua kicheko. Nyamizi akajificha nyuma ya mlango wa stoo.

Leo amebadilisha namba. Majaribio 62 yanaanza, lakini la kwanza tu linagoma: mlango mpya umeshakaliwa. Sasa ni saa mbili na dakika arobaini; zimebaki dakika ishirini.

"Mayu, nikuletee madaftari?" Januarius anamtania, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Subiri kwanza, ngosha," Nyamizi anamjibu, naye akimwita mwanaume.

Anachungulia kwenye kompyuta, anacheka peke yake. Ni jaribio la jana, halikuzimwa, limeng'ang'ania mlango. Analizima, anaanza upya. Yote 62 yanapita, na orodha halisi haijaguswa. Meneja anachungulia, anaitikia kwa kichwa, anaagiza mizani ifunguliwe. Mkataba utafika mwisho wa msimu.

Mama yake, Kija, aliuza madume mawili ya ng'ombe ili binti asome chuo, na mpaka leo hajui hasa bintiye anafanya kazi gani.

"Mwezi ujao analeta pamba yake hapa," anasema Nyamizi, macho yaking'aa. "Nataka asikie jina lake likiitwa, na magunia yawe yale yale aliyopakia mwenyewe. Hapo ataelewa kazi yangu."