Joho la Kompyuta

Nakumbuka asubuhi moja ya Juni, baridi ya Songea imekaza mpaka mbwa wanagombania jiko, nami ni kijana mwenye kiduka cha kuchapa nyaraka mtaani Msamala. Mwanangu, wewe umezaliwa ukakuta simu mfukoni. Sisi kompyuta ya mezani ilikuwa kama bibi harusi, haikai uchi. Nyumba yenye adabu ilivika redio kitambaa cha kufuma, ikavika televisheni, ikavika hata jagi la maji. Basi mama mkubwa, dada wa mama yangu, akaifumia kompyuta yangu joho jeupe la sufu, lenye maua, limeibana kotekote kama soksi.

"Sasa hata vumbi litabisha hodi," alisema.

Nilijua, mwanangu. Nilikuwa nimesoma kwamba prosesa, ule ubongo wa mashine, huchemka ikifanya kazi, na feni yake lazima ipate hewa. Lakini kumwambia mama mkubwa kwamba kazi ya mikono yake inaua mashine, ulimi huo ningeutoa wapi? Nikawa navua joho akiondoka, navisha nikisikia kandambili zake. Asipokuwepo, mashine inachapa. Akiketi tu, inaunguruma, inazima.

"Inanichukia nini hii?" akawa anauliza, uso umemshuka. Baadaye akaamua kwamba ni baridi. Akafuma joho la pili, zito zaidi.

Asubuhi hiyo nilikuwa nachapa maneno ya wimbo mpya wa kwaya, kwa misa ya ndoa ya dada yangu Agatha siku hiyohiyo. Mashine ikazima. Majoho yote nilikuwa nimeshayavua. Nikangoja, nikawasha. Ikazima tena. Nikabadili waya, nikalaumu virusi, nikaigusa: ya moto kama kikaango. Mara mama mkubwa huyo mlangoni, kavaa kitenge cha harusi.

"Umemvua mwenzio na baridi hii?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

Nikasema yote. Nilidhani atalia.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Kumbe! Mimi nimekwenda mpaka kwa padri kuombewa, nadhani nina mkosi, na wewe unanitazama tu! Mficha uchi hazai. Mimi najua uzi. Habari za joto ungeniambia wewe. Haya, fungua sanduku hilo."

Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua. Uzi mweupe wa joho ulikuwa umepenya matundu ya hewa, ukajizungusha kwenye feni ya prosesa hata haigeuki. Mama mkubwa akatoa sindano ya kufumia kwenye pochi, maana hata harusini alikwenda nayo, akauvuta uzi taratibu huku akiutukana kwa Kingoni. Nikarudisha waya, nikawasha, feni ikazunguka. Karatasi zikatoka. Tulipofika kanisani, kwaya ilikuwa imefika ubeti wa pili kwa kuguna tu.

Mwanangu, mashine ikichemka, usianze na virusi. Iguse, sikiliza feni yake, izime, ifungue, toa kinachoikaba. Na mkubwa wako akikosea, usimheshimu kwa kunyamaza. Ukimya wako humwacha akijilaumu kwa asilolijua. Mwambie mapema, kwa sauti ya chini. Wazee hatuvunjiki kirahisi hivyo.

Mungu akujalie ulimi mpole usio mwoga, akupe wakubwa wanaoambilika, na wewe ukizeeka, uambilike.