Mdoli wa Kuazima

Aibu hii nimeikalia muda mrefu, na najua wapo wanaoijua tayari (kwetu Kibaha hakuna siri, jambo likitokea Tumbi asubuhi, mchana Maili Moja wanalisimulia limeshatiwa chumvi), kwa hiyo bora niiseme kwa mdomo wangu mwenyewe: mimi, Mwalimu Tausi, mtu mzima na kilemba changu kichwani, niliumbuliwa na mdoli.

Nafundisha darasa la awali. Wiki moja mwalimu mkuu akanijulisha kwamba Jumanne anakuja Madam Eufrasia, mama anayezunguka mashuleni kuangalia watoto wadogo wanavyojifunza kwa kucheza, akaniuliza kona zangu za michezo zikoje, nikamjibu ziko vizuri. Kona zenyewe zilikuwa picha mbili ukutani na ndoo ya vifuniko vya soda, basi. Hapo ningesema ukweli yangekwisha, lakini mimi Jumapili nikaenda Kisarawe kwa shoga yangu Stamili, niliyesoma naye chuo, naye anafundisha awali huko, na tofauti yetu ni kwamba yeye ana mikono na mimi nina maneno. Stamili ameshona midoli kwa vipande vya khanga akaijaza sufi, ametengeneza magari ya makopo yenye magurudumu ya kandambili, ana duka zima la kuchezea la maboksi matupu. Nikamwomba aniazime, akanijazia gunia wala hakuuliza mara mbili.

"Watoto wako wacheze, shoga," akasema. "Ila Jumatano vinirudie, Alhamisi nina wageni."

(Wageni gani? Sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kuondoka na gunia.)

Jumanne darasa likapendeza. Watoto walisimama kwanza wakaangalia kwa mbali, mmoja akauliza kama inaruhusiwa kushika, nikamkenulia meno nikamwambia siku zote inaruhusiwa, akanishangaa. Kisha wakacheza mpaka wakatoka jasho. Madam akauliza nani katengeneza vitu hivi. "Mimi na wazazi, Madam," nikasema, "kidogo kidogo."

Sasa, kuna mtoto anaitwa Zamda. Tangu shule ifunguliwe Januari hakuwahi kusema neno darasani; mama yake alikuwa ananiapia kwamba nyumbani anaongea, na mimi nikawa siamini. Siku hiyo alichukua mdoli wa khanga nyekundu akamlaza mapajani, akawa anamnong'oneza. Madam akachuchumaa pembeni yake, akauliza, "Anaitwa nani?" na Zamda, huyo huyo Zamda, akajibu, "Chausiku." Jamani, kumbe anaongea! Madam akatoa kalamu ya wino mzito akaandika Chausiku kwenye unyayo wa mdoli ili asipotee, na mimi nikapiga makofi.

Mgeni alipoondoka nikachukua gunia, nikapita kona kwa kona nakusanya. Zamda alimshika Chausiku mkono mmoja na mimi nikamshika mwingine. Nikamwambia, "Haya, leta, leta, wageni wameshaondoka," akaachia. Hakulia, alifunga tu mdomo kama zamani. Kesho yake gunia likarudi Kisarawe kwa kondakta ninayemfahamu.

Jumatano hiyo jioni Madam akanipigia simu: amefurahi mno, kesho anakwenda shule nyingine, anataka niende naye nikawaeleze walimu wenzangu nilivyofanya. Nikakubali (sifa nazo zinalewesha). Alhamisi nikapanda gari lake na baibui langu jipya, ndipo nikauliza kwa adabu ni shule ipi. "Ya Kisarawe," akasema. Nikajipa moyo kwamba Kisarawe ni kubwa. Gari likapanda kilima, likakata kona ninayoijua, likasimama kwenye geti ninalolijua, na Stamili akatoka kutupokea akicheka kwa furaha ya kuniona.

Madam akanisimamisha mbele ya walimu wote, akasema, "Mwalimu Tausi hakusubiri kuletewa, midoli ameshona kwa mikono yake," na Stamili ananiangalia, kicheko kinamfutika usoni taratibu, na mimi nimeinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Kisha Madam akasogea kwenye kona ya michezo ya nyumbani, akaokota mdoli wa khanga nyekundu, akamgeuza miguu juu.

"Huyu si Chausiku?"

Na mimi, kwa akili zangu zote na cheti changu cha ualimu, nikasema, "Atakuwa pacha wake, Madam."

"Na pacha wake naye nimemwandika mimi?"

Walimu walicheka mpaka wengine wakashika meza. Stamili hakucheka. Alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Ungesema nikufundishe, Tausi, ningekufundisha." Hilo liliniuma kuliko vicheko vyote. Wakati wa kurudi, tulipofika Maili Moja, Madam akanigeukia. "Jumatatu nakuja kwako," akaniambia. "Usiandae kitu."

Sikuandaa. Jumatatu tuliwakuta watoto barazani wanacheza, Zamda katikati ameshika kiroba kitupu cha unga, anapita kwa wenzake anawapokonya vijiti, vifuniko na gunzi lililofungwa kitambaa, na anasema kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuisikia, "Haya, leta, leta! Wageni wameshaondoka!" na wenzake wanajifanya kulia. Yalikuwa maneno yake marefu ya kwanza shuleni, na yalikuwa yangu. Madam hakunitazama. Mimi nililia, na sikuwa najifanya.

Jumamosi Stamili akaja na sindano zake (alinisamehe, ila mpaka leo ananiita Mama Pacha), akatukalisha mimi na akina mama, tukashona. Mdoli wangu alitoka shingo imekaa upande, jicho moja liko juu, jingine shavuni. Nikampa Zamda. Akamgeuza, akaangalia nyayo, akaniuliza, "Huyu anaondoka lini?"

Nikamwambia haondoki. Alimwingiza ndani ya sweta akafunga vifungo vyote, na joto la kwetu Kibaha unalijua. Zilipita wiki nyingi ndipo alipokubali kumwacha kwenye kona na kwenda kucheza nje. Tangu hapo siazimi hata chaki, na gunia haliingii darasani kwangu, hata kama limejaa maembe.