Kitabu Alichomchagulia Mona

Aidarus alikuwa na duka la vitabu Mji wa Kale, katika kichochoro nyuma ya msikiti, miaka ile reli ilipoanza kupanda bara. Vitabu vyake vilitoka Misri na Bombay, lakini watu walifuata ulimi wake zaidi. Hukuweza kuingia ukataka kitabu tu. Alikukalisha, akakupa kahawa, akakuuliza una jambo gani, ndipo akanyanyua mkono kwenye rafu. Mwashi aliyeshindwa na kuba alipewa kitabu cha vipimo vya majengo. Mama wa mtoto mwenye homa alipewa kitabu cha dawa za miti, pamoja na onyo kwamba sura ya sumu asiiguse. Mwenye safari ya Hija alisomewa habari za visima vya njiani mpaka mwenyewe akashikwa na kiu. Wala hakuwa akikosea, hilo tumpe.

Lakini mganga hajigangi. Dada yake, Mona, alifiwa na mume kabla hawajajaaliwa mtoto. Akakaa eda, siku za mjane kujifungia ndani, katika nyumba ya mawe ya marehemu, na hofu yake ilikuwa moja: shemeji zake wasije wakamtoa. Mona alijua kusoma, tena kuwashinda wanaume wengi waliojitia kujua. Kaka yake alipokwenda kumjulia hali, akamwambia, "Kakangu, niletee kitabu cha mirathi. Nataka kuyua haki yangu."

Aidarus akacheka. "Hicho kizito, dadangu. Tena nimemwazima shemegio Hamid, alikuya kutaka shauri. Wewe una msiba. Mimi n'takuletea cha kukutuliza moyo."

Akampelekea kitabu cha fadhila za subira na msamaha, chenye jalada jekundu alilolishona mwenyewe. Nakasirika kila nikikumbuka. Mtu ana rafu nzima ya elimu, kisha mwenye njaa anamfukizia ubani!

Mona akakisoma chote, kwa kuwa kilitoka kwa kaka yake. Alipotoka eda, Hamid akaja na mashahidi na maneno matamu, akamwomba awasamehe kila kilicho baina yao. Desturi ya msiba ndiyo hiyo, watu hutakana radhi, basi Mona akasema amesamehe. Hapo ndipo Hamid alipomweleza kwamba kilichokuwa baina yao ni fungu lake, robo ya nyumba, na sasa si lake tena. Juma lile lile Mona akahamia chumba kilichokuwa juu ya duka la Aidarus, bila kusema sababu.

Sababu aliileta Hamid mwenyewe. Aliporudisha kile kitabu cha mirathi, alimshukuru Aidarus mbele ya wateja kwa kumchagulia vyema, akasimulia yote kama mtu anayesifu biashara nzuri. Aidarus akapanda ngazi analia.

"Twende kwa kadhi, Mona. Hukuyua ulichokisamehe. Makosa ni yangu mimi, si yako."

Mona alikuwa akikunja nguo. Hakuinua uso.

"Kitabu ulichonichagulia, kakangu, chasema mwenye kusamehe kisha akarudi kudai, thawabu zake zimepotea. Nami nalikiamini, kwa kuwa ni wewe uliyenipa. Nyumba nimekwisha kuikosa. Wataka nikose na hizo?"