Mshonaji, Mkewe na Programu ya Miwani

Mshonaji wa mtaani kwetu ana mkono mwepesi na roho nzito. Wivu umemtawala, nami sioni sababu ya kumfichia.

Vipimo vya wateja wake wote vilikuwa kwenye kompyuta kuukuu aliyoishughulikia mkewe, ndani ya programu iliyotengenezwa na fundi anayeitwa Miwani. Huyo Miwani aliwahi kumposa huyo mke kabla hajaolewa, akakataliwa. Kompyuta ilipogoma, ni yeye tu aliyeiweza. Alikuja, akaketi karibu na yule mama, wakabofya, wakacheka. Mshonaji alikata kitambaa, masikio yote yako kwao.

"Shemeji, leo imegomea wapi?" Miwani alizoea kumuuliza yule mama.

"Shemeji wa wapi huyo?" mshonaji alinung'unika, kisha akamgeukia mkewe. "Na mbona inagoma kila ukivaa lile gauni la bluu?"

"Livae wewe basi, tuone kama itagoma," mkewe akamjibu.

Mwishowe mshonaji akanunua programu mpya bila kushauriana na mtu. Muuzaji akamweleza kwamba vipimo havihami vyenyewe. Lazima aliyetengeneza ile ya zamani akae na mama, wavitoe pamoja.

"Wakae siku ngapi?"

"Mpaka viishe."

Mshonaji akakataa. Akaagiza wateja wote waje wapimwe upya. Msimamizi wa wauguzi, aliyezoea kuagiza sare za hospitali nzima kwa simu, akamwambia wazi: "Kama ni kuwaleta wauguzi wote dukani, nitawapeleka kwa mwingine."

Hiyo ndiyo kazi iliyolisha nyumba ile. Jioni mshonaji aliketi, uzi mdomoni.

"Ungesema ni hatari duka zima kumtegemea fundi mmoja, ningekuunga mkono," mkewe alisema. "Siku akihama, tumekwisha. Hata mimi nililiwaza hilo. Lakini wewe hukuiangalia programu. Ulimwangalia mtu."

"Basi mwite."

"Mwite mwenyewe. Na ukae hapo hapo, ujifunze, usije ukanisingizia tena."

Uamuzi wa kuachana na programu ya Miwani ulikuwa wa haki. Moyo uliouamua ndio haukuwa safi, na moyo wa namna hiyo huharibu hata jambo jema.

Akapiga simu. Miwani alipofika, mshonaji alivuta kiti, akajibana katikati yao.

"Haya, shemeji yake," alisema, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Anza na wauguzi."