Mgongo wa Saadi

Fikirini alikuwa mtu wa winchi. Katika kikosi cha visima kilichokuwa na kituo chake Kibiti, yeye ndiye aliyeshika mpini mabomba mazito yalipotolewa ardhini au kurudishwa, na wenzake walimwamini kiasi cha kuinama chini ya bomba linaloning'inia huku wakipiga soga. Aliajiriwa akiwa kijana, akamwoa Zuena akiwa kazini, akaezeka nyumba yake bati nyuma ya soko. Alipoulizwa shughuli yake alijibu, "Niko Visima," kama anayetaja ukoo.

Aliyeinama chini ya mabomba hayo mara nyingi kuliko wote ni Saadi, fundi wa kikosi. Wote wawili walikuwa wa Ngarambe. Waliingia jandoni mwaka mmoja, na Saadi, aliyetangulia kupata ajira, ndiye aliyemwombea mwenzake kazi. Walipokuwa safarini walilala mkeka mmoja na kula sahani moja. Zuena alikuwa akitania kwamba ameolewa na wanaume wawili, ila mmoja analala kwingine.

Halafu mambo ya nchi yakabadilika. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mashirika yalianza kupunguza watu, na kazi zilizokuwa za kikosi zikaanza kutolewa kwa tenda. Watu wenye gari kuukuu na spana mbili tatu wakawa wanaitwa makontrakta. Saadi aliliona hilo mapema. Aliomba awe miongoni mwa watakaopunguzwa, achukue kiinua mgongo chake na kuanza shughuli zake. Mkuu wa kituo alikataa. Watakaopunguzwa ni walinzi na wapishi, alisema. Fundi wa visima hatolewi.

"Nikiacha mwenyewe natoka mikono mitupu," Saadi alimwambia Fikirini siku moja, wakiwa Ndundu wanasubiri kivuko kitoke ng'ambo. "Miaka yote hii, halafu mikono mitupu."

"Basi kaa. Mshahara si unakuja."

"Unakuja umechelewa, na ukija haufiki popote. Wewe hutaki siku moja uwe na kampuni yako?"

"Mimi nataka winchi yangu tu," Fikirini akasema.

Saadi alicheka, kivuko kikafika, mazungumzo yakaishia hapo.

Kiangazi kilichofuata walikuwa wakitengeneza kisima katika kijiji kimoja ng'ambo ya Ikwiriri. Bomba lilikuwa limeinuliwa nusu. Fikirini alifunga breki ya winchi, akageuka kuchukua kopo la grisi. Nyuma yake akasikia mnyororo unakwaruza, bomba likashuka kwa kishindo, na Saadi akapiga ukelele. Alipogeuka alimkuta mwenzake amelala kifudifudi kwenye matope, mikono yote miwili ameshika kiuno.

Fikirini alimbeba hadi kwenye gari. Njia nzima alimpakata kichwa ili mashimo ya barabara yasimtikise, na Saadi alikuwa amefumba macho.

Hospitali walimpiga picha. Hakuna mfupa uliovunjika, lakini kila daktari alipomwambia ainame alitetemeka na kutoa machozi. Daktari akaandika kwamba maumivu mengine hayaonekani kwenye picha, na kwamba mgonjwa huyu hawezi tena kazi za kuinua vitu vizito. Saadi akastaafishwa kwa sababu za afya, na haki zake zote akaahidiwa.

Kituoni kikaitishwa kikao. Fikirini alisimama mbele ya wakubwa akiwa na kofia mkononi.

"Nakumbuka nilifunga breki," alisema.

"Kama ulifunga, bomba lilishukaje?" mkuu wa kituo akauliza.

Fikirini alimtazama Saadi. Alikuwa ameletwa kutoa ushahidi, amekaa kitini na mto mgongoni, macho ameyaelekeza sakafuni. Saadi alikuwa amekwisha kusema kwamba hana ugomvi na mwenzake, ila breki ilikuwa wazi. Fikirini akafikiri: Saadi hawezi kunisingizia. Kwa hiyo aliyekosea ni mimi.

"Basi labda sikufunga," akasema.

Walimfukuza kwa uzembe. Hakupewa chochote.

Mwaka uliofuata Fikirini aliishi kama mtu anayelipa kafara. Asubuhi alilima shamba lake la mpunga bondeni, na jua likipanda alihamia kwenye shamba la Saadi. Mpunga ulipoanza kukomaa na nguruwe kuanza kushuka, alilala kwenye dungu la Saadi, kile kibanda cha juu cha kulindia, na shamba lake mwenyewe likabaki bila mtu. Nguruwe waliingia wakalimaliza.

Zuena alikwenda akayaona mabua yamelala chini. Aliporudi hakupiga kelele. Alisema tu, "Sasa sisi tutakula nini?"

"Yule hana mgongo kwa sababu yangu, Zuena."

"Mimi nakuuliza sisi."

Mwaka huohuo walijaliwa mtoto wa kike, wakamwita Muzdalifa. Fikirini alimsomea adhana sikioni huku mkunga amemshika mtoto. Kumbeba hakumbeba. Zuena akimpa, alirudi nyuma. "Mikono yangu siiamini," alisema, na Zuena akageuka upande wa pili ili mumewe asimwone analia.

Kila alasiri alikwenda kwa Saadi na chupa ya mafuta ya ufuta. Aliyapasha moto, akamlaza Saadi kifudifudi, akamchua kuanzia mabegani hadi kiunoni, polepole, akimuuliza kila mara kama panauma. Saadi alijibu panauma, au leo afadhali. Mkewe Johari mwanzoni alikuwa akimkaribisha na chai. Baadaye akawa anatoka nje kila akimwona anakuja, na Fikirini akadhani hata huyu amechoka kuutazama uso wa aliyemlemaza mumewe.

Siku moja Johari alimsubiri uani, kabla hajafika mlangoni.

"Shemeji, usije tena," alisema.

"Nimewakosea nini?"

"Hujatukosea."

"Basi niache nimalize leo. Mafuta nimeshanunua."

Johari alishika ukuta. "Shemeji, nisikilize. Mgongo wake mzima. Wewe ukishaondoka, anainuka anapasua kuni. Nimeshindwa kuendelea kukuona unakuja na hiyo chupa."

Fikirini aliitazama chupa mkononi mwake. Kuku walikuwa wakipekua majivu karibu na miguu yake. Kisha akaingia ndani, akapasha mafuta kama kawaida, na Saadi akajilaza kama kawaida. Akamchua. Alianza mabegani, akashuka na uti wa mgongo, na kwa mara ya kwanza vidole vyake vikamsikiliza yule mtu badala ya kumwomba radhi. Misuli ilikuwa imejaa, imekaza, misuli ya mtu anayefanya kazi. Hakuruka hata sehemu moja. Alipomaliza alikaa kitako kando ya mkeka.

"Saadi, nilifunga breki?"

Saadi hakugeuka. Uso wake ulikuwa umezama kwenye mto. Kwa jirani mtu alikuwa akitwanga, wakasikia mchi ukipiga na kupiga.

"Ulifunga," Saadi akasema.

"Nani aliifungua?"

"Mimi. Niliisukuma kwa mguu ulipogeuka." Sauti yake ilitoka chini chini. "Nilijua watakupa onyo tu. Wallahi, nilijua ni onyo tu."

"Waliponifukuza, mbona hukusema?"

"Hela zangu zilikuwa bado hazijatoka."

"Na zilipotoka?"

"Ulikuwa unakuja kila siku na mafuta," akasema. "Nikaona haya."

Fikirini alifuta mikono yake kwa upande wa shuka, akaiacha chupa pale pale, akatoka. Nyumbani alimkuta Zuena amempakata mtoto. Alimchukua bila kuombwa, akamweka begani, akatembea naye uani mpaka jua likazama. Zuena alimuuliza kuna nini. Alipomweleza, Zuena alifunga khanga kiunoni na kwenda kituoni usiku uleule. Alirudi na jibu alilokuwa amelitarajia. Mlinzi alimwambia mkuu amehamishwa, na mambo ya mwaka jana yamekwisha. Isitoshe mumewe alikiri mwenyewe mbele ya watu.

Haikupita miezi mingi Saadi akapona hadharani. Watu walisema Mungu mkubwa. Alihamia Ikwiriri, akanunua pikapu, akaandika jina la kampuni yake mlangoni kwa rangi nyekundu, na tenda za visima vilevile akazipata yeye, maana kikosi hakikuwa tena na fundi. Siku moja alilisimamisha gari nyuma ya soko la Kibiti, akaketi barazani kwa Fikirini bila kukaribishwa.

"Nataka uje unishikie winchi," alisema. "Kwa mshahara wowote utakaoutaja. Vijana nilionao hawana mkono wako."

"Mkono wangu umeharibika."

"Fikirini, nimekosa. Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimekusamehe siku nyingi," Fikirini akasema, na alikuwa anasema kweli. "Lakini nikishika mpini nikakuona umeinama pale, sitajua nakuwazia nini. Kwa hiyo usinipe winchi, Saadi. Nenda."

Saadi alikwenda. Tangu siku hiyo Fikirini alikuwa mkulima tu, wa mpunga bondeni na ufuta juu. Bomba la mtaani kwake likiharibika, watu walimgongea, naye aliwaambia wamwite fundi. Wengine walidhani ni kiburi. Rafiki mwingine hakupata. Alikuwa na watu wa kusalimiana nao na wa kuzikana nao, lakini sahani yake alikula na mkewe na watoto.

Yeye na Saadi walikutana tena mwaka ambao daraja la Ndundu lilikuwa linajengwa. Mama yake Saadi, Bi Tatu, alifariki Ngarambe. Huyu ndiye aliyewapikia wote wawili uji walipotoka jandoni, na mpaka uzee wake aliwaita wote wanangu, bila kuambiwa na yeyote kilichotokea. Wazee wakauliza nani watashuka kaburini kumpokea, na jina la Fikirini likatajwa sambamba na la Saadi. Hakuna aliyeona ajabu.

Wakashuka. Sanda ilipoteremshwa, mikono yao ilikutana chini yake, na ikawabidi waende pamoja, huyu akiinama na yule akiinama, mpaka wakamlaza mama yao ubavuni na kumwelekeza kibla. Saadi alikuwa analia waziwazi. Fikirini alifungua kamba za sanda, akasawazisha udongo chini ya shavu la marehemu, kisha akashika ukingo na kujivuta juu.

Baada ya dua Saadi alimfuata hadi njiani. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi.

"Fikirini," alisema. "Hata leo tusile sahani moja?"

Fikirini alisimama. Alimpa mkono kama walivyompa wengine wote waliofika pale.

"Pole kwa msiba," alisema. Kisha akainama, akakung'uta mchanga magotini, akaishika njia ya kurudi Kibiti.