Pande Nne za Kipande cha Chuma

Mapema miaka ya sabini, katika karakana ya chuo cha ufundi mjini Kisumu, kila mwanafunzi alipewa bamba la chuma lenye tundu la mraba, achonge kwa tupa kipande cha kuingia humo bila kupitisha mwanga. Kikishaingia, aligonga nukta juu yake na nyingine kwenye bamba, asisahau upande uliokubali. Ndiyo iliyokuwa desturi yetu.

Mimi sikuiamini. Hata leo, baada ya shahada ya uzamili, siwezi kuliacha jambo ambalo wengine wameshalimaliza. Nilikigeuza kipande changu pande zote nne na kuchonga kila kilipokwama, huku wenzangu, wote wavulana, wakinicheka.

“Dada, hicho ni chuma, si ugali. Acha kukigeuzageuza.”

“Mwacheni,” akasema mwingine. “Akimaliza kufikiri, itakuwa imebaki sindano.”

Siku ya mtihani alikuja mhandisi wa kiwanda cha sukari upande wa Muhoroni, kuchagua mwanagenzi mmoja tu. Baba alikuwa amenieleza wazi kwamba nikiikosa nafasi hiyo, nitarudi nyumbani kuanika omena, dagaa wa ziwani.

Mhandisi alichukua kipande cha kwanza, akaitazama nukta, kisha akakiingiza kwa upande mwingine. Kikakwama.

“Mashine ikisimama, Bwana,” akamwambia kijana aliyekichonga, “atakayebadilisha kipuri hatakuwa na nafasi ya kutafuta nukta.”

Vipande vya wenzangu vilikwama kimoja baada ya kingine. Changu kiliingia upande wa kwanza, wa pili, hata wa tatu. Wa nne, kikagoma.

Tupa ilikuwa karibu, lakini nikichonga kwa ajili ya upande huo, nitazilegeza zile tatu. Nikajilazimisha kufikiri hatua kwa hatua. Asubuhi ile kilikuwa kimeingia pande zote. Chuma hakikuwa kimenenepa tangu hapo. Basi kitu kilikuwa kimeangukia ndani ya tundu kipande kilipotolewa mara ya tatu.

“Mzee, naomba brashi.”

Nilisugua pembe za tundu. Chenga nyembamba ya chuma ikaanguka mezani. Nikakisukuma kipande kwa kidole gumba, nacho kikashuka taratibu mpaka mwisho.

Mhandisi alikiinua kuelekea dirishani. Hapakupita mwanga. Akamgeukia mwalimu wetu.

“Huyu umemfundisha nini?”

“Kupiga tupa,” akajibu mwalimu. “Kugeuza alianza mwenyewe. Mimi nilimwambia anapoteza muda.” Akacheka, akanipa mkono mbele ya darasa zima, jambo ambalo hakuwa amemfanyia yeyote.

“Jumatatu uripoti karakana ya kiwanda, binti,” akasema mhandisi. “Uje na viatu vigumu.”

“Sawa, Mzee,” nikaitikia. Viatu vigumu sikuwa navyo. Nilichokuwa na hakika nacho, kwa mara ya kwanza bila kukifikiria mara mbili, ni kwamba Jumatatu ningekuwa nimevivaa.