Siku Mama Mkwe Aliponishika Mkono

Nakumbuka siku moja nilimgonga mama mkwe wangu kwa gunia la mahindi. Usicheke, mwanangu. Au cheka kidogo, maana leo hata mimi nacheka, ila baada ya siku ile sikucheka mwaka mzima.

Nilikuwa na miezi michache tu ya ndoa. Unaijua adabu yetu ya bukwe hapa Kamina: mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mwanamume anaingia majanini mpaka mama apite. Siku hiyo nilitoka shambani bila kutia kitu mdomoni tangu alfajiri, gunia kichwani limenishukia hadi machoni, nawapelekea wakwe mavuno ya kwanza. Kwenye kona tukagongana. Mama akaanguka, mahindi yakamwagika, nami nikakimbia. Ndiyo, nilimwacha chini. Nilipofika kwangu nikakaa, nikapumzika, na bado moyo ukaanza kwenda mbio peke yake. Ulipiga mpaka shati likatikisika kifuani, halafu ghafla ukatulia.

Nikajiambia hii ni adhabu ya bukwe.

Moyo ukaanza tena nikipalilia mihogo. Ukanirudia kanisani nimepiga magoti, na mimi nikajua nitakufa. Sikumwambia mtu. Niliacha kabisa kwenda ukweni, na mke wangu Mwadi akawa anaenda kwao peke yake, anarudi macho mekundu, kwa sababu kila mara aliulizwa mume wake anawadharau kwa nini. Akiniuliza namjibu nina kazi. Kazi gani? Kazi ya kuogopa. Nilikuwa nangoja kifo, na huku nampoteza mke aliye hai.

Mtoto wetu wa kwanza akazaliwa. Jumapili ya ubatizo mama mkwe alikuja, nami nikajificha nyuma ya jiko nikinyonyoa kuku. Moyo ukaanza. Nikakaa chini, manyoya yamejaa mikononi, jasho linanitoka. Mama alipita pale kutafuta kuni, akaniona. Kwa adabu alipaswa kurudi nyuma. Alisimama.

"Mama, bukwe!" nililia, nikafunika uso.

"Bukwe itangoya. Leta mukono."

Alikuwa amezalisha wanawake miaka mingi kwenye maternite, mikono yake ilizoea kutafuta uhai wa watu. Kwanza alifunika kifundo cha mkono wangu kwa ncha ya kitenge chake ili tusigusane. Hakusikia kitu. Akaitupa ile ncha pembeni, akanishika ngozi kwa ngozi, akahesabu mapigo ya moyo kwa saa yake.

"Roho yako inakimbia sana. Ilianzaka siku gani?"

"Tangu siku nilikugongaka mu njia, mama."

"Na weye unazani ni miye? Miye niko na nguvu gani ya kukimbiza roho ya muntu? Ile siku niliamuka, nikaokota mahindi, nikapika. Mwaka muzima mutoto wangu analia, sababu weye unanyamaza! Njo kosa yako, haiko kunigonga."

Mwanangu, nimekemewa na wengi, lakini hakuna aliyenikemea huku ameshika mkono wangu hivyo.

Akamwita Mwadi kwa sauti, wakanipakia kwenye baiskeli, wakanisukuma mpaka hospitali na moyo bado unakimbia. Ndiyo bahati yenyewe, kwani mashine iliuandika kwenye karatasi ukiwa mbioni. Daktari alisoma, akanipima tena siku nyingine, na nyingine. Mwishoni akasema, "Sababu siioni, papa. Lakini roho yenyewe iko muzima." Alinifundisha kukaa, kubana pumzi na kusukuma tumbo kama anayekwenda haja, na kurudi kwake moyo ukikataa kutulia. Nilitoka nje nikalia kwa furaha bila aibu. Mwadi naye alilia. "Nilizani unataka kuniacha," akasema.

Mpaka leo hakuna aliyenipa sababu. Moyo bado unanijia mbio, juzi tu umenijia nikipanda pikipiki ya mjukuu. Nakaa, nabana pumzi, unapita, naendelea na safari. Nimezeeka nao.

Baada ya ile siku tulirudia adabu yetu na mama, yeye upande mmoja wa ukuta, mimi mwingine. Lakini kila nilipofika aliniuliza kutoka ndani, "Roho?" Nami namjibu, "Inatembea, mama." Alinisalimia hivyo mpaka alipofariki.

Basi, mwanangu, moyo wako ukikimbia bila sababu, usitafute mchawi wala dhambi. Mwambie wa nyumbani kwako siku hiyo hiyo. Nenda hospitali wakauandike kwa mashine, ikiwezekana ukiwa bado mbioni. Ukihisi kuzimia, kifua kikiuma, au pumzi ikikukatika, usikae kubana pumzi, waambie wakukimbize hospitali. Na wakisema hawaijui sababu ila moyo ni mzima, shika hilo neno la pili, uishi.

Mungu akupe siku nyingi, na mtu wa kukushika mkono hata pale adabu inapomkataza. Na mimi nikikuona njiani nikakuuliza, "Roho?", nijibu ukweli.